Mbwa Mwitu Anayekohoa

Jua limesimama utosini. Silalamiki, naeleza tu, maana anayefika hapa akitafuta kivuli atatafuta bure. Katika mji wa wawindaji jua hufuata baraza. Baraza likikaa, jua husimama. Baraza likikata shauri, na shauri likatangazwa, jua huruhusiwa kushuka, na watu hurudi kupika, kuzeeka na kufa kama watu wa miji mingine. Safari hii limesimama kwa muda nisioweza kuutaja. Nilipoingia nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na bado ninayo hiyo hiyo. Lakini kucha zangu nimezikata mara nyingi, na kanzu niliyoingia nayo imeoza mabegani. Ama ni wiki moja, ama ni miaka saba. Wazee arobaini walioketi mbele yangu hawajui tofauti, kwa sababu kwao wiki na miaka saba ni kitu kimoja: muda wa kusikilizwa.

Wanajadili mbwa mwitu. Wanasema wameongezeka, wanasema lazima wadhibitiwe.

Waangalie. Kila mmoja ana kigoda chake, na kila kigoda kimechongwa miguu minne yenye makucha, ili mwenye kukikalia aonekane amempanda mnyama. Bunduki zao wameziegemeza ukutani zikiwa zimezibwa midomo kwa vitambaa, vumbi lisiingie, na nyigu wamejenga juu ya vitambaa. Shingoni wamevaa meno. Nimeyachunguza meno hayo kwa karibu, maana kazi yangu hunikalisha karibu: ni pembe za mbuzi zilizochongwa. Hakuna hata mmoja humu aliyewahi kumwona mbwa mwitu akapata nafasi ya kusimulia alivyokuwa amesimama, au alitazama upande gani. Ukiwauliza, wanakwambia alikuwa mkubwa. Mkubwa! Hata woga wao hauna macho.

Mimi ni mghani wao. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole nyuma ya mbuzi wa mama yangu, na nasema bila haya kwamba katika mji huu hakuna anayenifikia. Wao wanalijua hilo na linawauma, lakini hawana la kufanya, kwa sababu sheria yao inasema neno la baraza si neno mpaka mghani alitie katika ubeti na kulisema kwa sauti mlangoni. Bila ubeti wangu, uamuzi wao ni pumzi ya wazee. Walitunga sheria hiyo zamani, walipodhani waghani wote watakuwa wajinga.

Sasa nieleze wanavyohesabu, kwani kila kitu kimetoka hapo.

Mara moja kwa mwaka, alfajiri, kila mwindaji hupanda kilima chake na kamba mkononi. Hukunja viganja mdomoni na kulia kama mbwa mwitu, ule mlio mrefu unaopanda na kuvunjika. Kulia huko wao wanakuita "kuita". Halafu husikiliza. Kila mlio unaomjibu ni mbwa mwitu mmoja, na kila mbwa mwitu ni fundo moja kwenye kamba. Kukipambazuka kamba zote huletwa kwangu, nami nahesabu mafundo, natia jumla katika ubeti, nausema mlangoni, watu wanashika vichwa. Mwaka wangu wa kwanza wawindaji walikuwa saba na mafundo yalikuwa arobaini na mawili. Mji ukatetemeka, wakaongezwa wawindaji. Walipofika kumi na watano, mafundo yalikuwa mia mbili na kumi, na ndipo nilipotunga mstari ambao hata sasa wanawake huwatishia nao watoto wanaokataa kulala:

*Wamekuwa mia mbili, na bado wanazaana.*

Mstari mzuri. Nilitembea wiki nzima kifua mbele kwa sababu yake. Yale kumi niliyadondosha njiani, hayakuingia kwenye mizani, na hakuna aliyeyatafuta. Nilijivunia jinsi "mbili" ilivyokaa pale katikati kama mtu anayegonga mlango. Sikujiuliza kama mlango una nyumba. Nidharau pamoja nao hapo, msomaji, ninastahili. Dharau yangu ya leo ni kubwa kwa sababu nimeianzia nyumbani.

Wakaongezwa tena. Mwaka huu wamekuwa arobaini, na mafundo ni elfu moja mia tano na sitini.

"Elfu moja," alisema Mzee Kitwana, mkuu wa baraza, siku tulipoanza kikao. Ana ndevu nzuri na sauti inayotembea taratibu kama mtu aliyeshiba. "Elfu moja na ushei. Waheshimiwa, kila mtu mmoja mjini ana mbwa mwitu wake anayemsubiri. Tufanyeje?"

"Tuchome bonde lote," alisema Vuai, ambaye jibu lake kwa kila swali ni moto.

"Wewe Vuai mwaka juzi ulichoma kichaka kikakugeukia, ukarudi kwako huna nyusi," mmoja akamkumbusha.

"Zimeota."

"Moja imeota. Nyingine umeichora kwa mkaa."

Wakacheka. Wanacheka vizuri, hilo sitawanyima. Kisha Machano akasimama, wakanyamaza, kwa sababu Machano ndiye anayetunza kibuyu. Ni kibuyu kimoja tu cha sumu, kilichochemshwa kwa magome na mizizi kwa miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na mchemshaji alikufa bila kumwachia mtu maarifa. Machano hukibeba kwapani kama mtoto wa marehemu. Ni mwembamba, msafi, hana hasira kamwe. Ningemwogopa kama nisingekuwa namdharau.

"Mnyama yeyote hunywa," alisema. "Ukitoa kisima chetu cha ndani, milima yote hii haina maji, ila bwawa la chini. Tumwage kibuyu bwawani, tukalale, tuamke mbwa mwitu wamekwisha."

"Bondeni kuna watu," alisema Shomvi. Huyu Shomvi ni mzee kuliko wote, ana pumu, na hukohoa mwisho wa kila sentensi kama anayeipigia mstari.

"Watahama."

"Na wasipohama?"

"Basi wamejichagulia upande," alisema Machano, akafuta kigoda chake kushoto na kulia, akaketi.

Mmoja wa watu hao ni Bi Mgeni, mama yangu. Ana mbuzi kumi na wawili na goti bovu, na kibanda chake kipo hatua thelathini kutoka majini. Hahami. Aliambiwa ahame alipofariki baba, akasema amechoka kuwapisha watu. Baraza zima linajua kwamba ni mama yangu. Machano alipokuwa akisema hakunitazama, na aliyenitazama ni Shomvi peke yake.

Lakini mimi nilikuja barazani na jambo ambalo wao hawakulijua.

Alfajiri ya kuhesabu, mwindaji mmoja alivimba mguu, nikatumwa mimi kilimani kwake. Sikuwahi kupanda. Nilizoea kupokea kamba, si kufunga mafundo. Nikasimama katika ukungu, nikakunja viganja, nikalia. Na niseme ukweli: sauti ile iliponitoka sikuijua. Ilitoka mbali zaidi ya koo langu, ikanitangulia, na kwa pumzi moja sikuwa na hakika kama ni mimi niliyeita au ni mimi niliyeitwa. Nani yuko kilimani? Mtu. Nani analia? Mtu anayelia kama mnyama. Na anayesikia upande wa pili anasikia nini? Ndipo majibu yakaanza kuja, moja, jingine, jingine, kutoka vilima vyote, nami nikafunga mafundo haraka haraka kama aliyefundishwa.

Kutoka kilima cha mashariki ukaja mlio mrefu, wa kutisha, uliopanda ukavunjika vizuri kabisa. Halafu ukakohoa.

Nikaita tena. Ukajibu tena. Ukakohoa tena, kikohozi kikavu mara mbili, na kwa mbali nikasikia mtu akisema, "Ah, kifua hiki."

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, na kamba yangu mapajani. Mafundo thelathini na tisa. Wawindaji arobaini, utoe mimi. Sikuhitaji mwalimu. Arobaini wakisikilizana, kila mmoja akiwafunga wenzake thelathini na tisa, jumla yake ndiyo ile elfu moja mia tano na sitini. Saba wakisikilizana ni arobaini na mawili. Miaka yote hiyo walikuwa wakihesabiana, wakiogopana, wakiongezeana walinzi, na kila mlinzi alipanda kilimani kuwa mbwa mwitu wa mwenzake. Nami nikawatilia mizani.

Nilishuka moja kwa moja mpaka bwawani. Mama alikuwa akikamua.

"Umekonda, baba," alisema bila kugeuka. "Wanakulisha nini huko, maneno?"

"Mama, umepotelewa na mbuzi wangapi mwaka huu?"

"Mmoja. Alikula sabuni."

"Nauliza walioliwa na mbwa mwitu."

Akacheka mpaka akaachia chuchu ya mbuzi. "Mbwa mwitu yupi? Huyu?" Akanyoosha kidevu ng'ambo ya maji. Kulikuwa na mnyama pale, jike, amechakaa, sikio moja limechanika, anakunywa polepole na kupumzika kama bibi anayepanda ngazi. "Huyo hana meno. Nikichinja namtupia matumbo, anayamung'unya siku nzima. Ni huyo tu. Kulikuwa na dume lake, lilikufa mwaka uliozaliwa wewe."

"Wanasema wapo elfu moja na ushei."

"Nawasikia," alisema mama, akarudi kukamua. "Kila mwaka wanapanda huko juu kulia. Mbuzi wananikatia maziwa siku mbili. Waambie wapunguze."

Basi nikawaambia. Nilisimama katikati ya baraza, jua utosini, nikaeleza kila kitu, kikohozi, mafundo, hesabu, yule jike asiye na meno. Sikutumia ubeti. Nilisema kwa maneno yaliyo wazi kama sahani tupu. Na nikiri, nilitarajia aibu. Nilidhani mtu akionyeshwa ujinga wake katika mwanga wa mchana ataona haya, atainama, atatafuta viatu vyake. Hiyo ndiyo imani ya kijana aliyejifunza peke yake: anadhani kujua kunatosha.

Mzee Kitwana alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Kijana," alisema, "unataka kutuambia sisi ndio tunaojibizana?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Watu wazima arobaini."

"Ndiyo."

"Shomvi, ulikohoa wewe?"

Shomvi alitazama miguu yake. Nilimwona akilishika neno mdomoni, akilipima uzito. "Kifua changu kina siku zake," alisema. "Huenda nilikohoa. Lakini hata mbwa mwitu huugua, Mkuu."

"Umesikia? Sasa wana pumu," alisema Kitwana. "Yaani wamekuwa wengi mpaka wana wazee." Baraza likaguna kwa kukubali, na Machano akapigiwa kura mikono arobaini juu. Sumu bwawani. Kisha wote wakanigeukia mimi, wakisubiri ubeti.

Sikuusema.

Hapo ndipo jua lilipogoma, na hicho ndicho kisa cha mchana huu mrefu. Si wao waliolizuia, ni mimi. Niliketi mlangoni, nikafunga mdomo. Wakanibembeleza, wakanitukana, wakaniita jeuri, mtoto wa mchunga mbuzi, mshairi wa kujiokota. La mwisho nililipenda. Nilijisikia mkubwa kuliko wote. Mtu mmoja ananyamaza na mbingu zinasimama! Nani mwenye enzi humu, wenye vigoda au mwenye neno? Niliuzungusha mdomoni utamu wa swali hilo kwa siku zisizo na jioni. Wazee wakasinzia na kuamka, wakarudia hoja zilezile. Vuai alipendekeza moto mara mia. Nyigu wakamaliza kujenga juu ya bunduki ya kwanza wakaanza ya pili.

Ila mlango nilioketi unatazama bonde. Kutoka hapo naliona bwawa. Nilipoanza kunyamaza lilikuwa na upana wa uwanja. Nikatazama tena, limekuwa kama mkeka. Nikatazama tena, kama sinia. Jua lisiloshuka halichagui. Kando yake kulikuwa na nukta nyeusi inayochechemea, inainama, inachota, inamwagilia nukta kumi na mbili nyeupe. Na ng'ambo yake nukta nyingine, ya kijivu, imelala.

Basi hiyo ndiyo enzi yangu. Nikisema, mama anakunywa sumu. Nikinyamaza, hanywi kitu. Nilikuwa nimewadharau watu arobaini kwa kuogopa sauti zao wenyewe, na mimi nilikuwa nimelewa kimya changu mwenyewe. Tofauti yetu ilikuwa kigoda.

Nikasimama. Wakadhani nimeshindwa, Kitwana akajiweka sawa, ndevu zikatulia kifuani. Nikakunja viganja mdomoni. Nikalia.

Nilitoa ule mlio wote, mrefu, mpaka ukavunjika juu kwenye makuti. Na wao, kabla akili haijafika, kwa mazoea ya miaka, mikono ya wote ikapanda midomoni, viganja vimekunjwa, macho yakafumba, na baraza zima likajibu. Mavumbi yalianguka darini. Ilikuwa sauti ya kusikitisha kuliko zote nilizowahi kusikia, kwa sababu ilikuwa nzuri. Mwisho wake, Shomvi akakohoa. Halafu, nililiona hili kwa macho yangu, kila mmoja akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba, akaanza kufunga mafundo.

Nikangoja. Walipomaliza wakatazama kamba zao. Wakatazamana.

"Una mangapi?" Kitwana alimuuliza Vuai.

"Arobaini."

"Machano?"

"Arobaini."

Kila kamba ilikuwa na mafundo arobaini. Mimi na wenzake thelathini na tisa. Kila mmoja alihesabu wote ila yeye. Nikasema moyoni, sasa. Sasa wataona. Uso wa Mzee Kitwana ulibadilika rangi. Akainuka polepole, akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia chini ya kigoda chake.

"Waheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Wameingia barazani."

Sikucheka. Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Wote wakapandisha miguu juu ya vigoda, wale watu wazima, na kubaki wamejikunyata kama kuku mvua inaponyesha.

"Hapa hapa tulipo," alinong'ona Vuai. "Tuchome..."

"Nyamaza wewe. Machano, bado kura yetu inasimama?"

"Inasimama," alisema Machano, mtulivu kama kawaida. "Sumu inakwenda pale wanapokunywa. Kama wamo humu, tujiulize humu wanakunywa wapi."

Macho ya wote arobaini yakasafiri mpaka pembeni, kwenye mtungi wa baraza. Ndiyo maji pekee waliyokuwa nayo mchana wote huo, yanayojazwa na watumishi kutoka kisima cha ndani, na kata ya kifuu juu yake. Machano akashuka, akatembea kwa ncha za vidole, akafungua kibuyu na kukimimina chote. Alikigonga matako ili tone la mwisho litoke. Ni mtu makini sana. Kisha akapasua kibuyu kwa kisigino, kama sheria inavyotaka.

"Mghani," alisema Kitwana. "Sasa utasema?"

Nilisema. Sikuwahi kutunga kwa wepesi namna ile:

*Adui tumemuona, kumbe yumo barazani,*
*Milimani twaitana, tukamwinda mabondeni,*
*Baraza limepatana, sumu iwe mtungini,*
*Anywe asiyejiona, afie humu kitini.*

"Safi," alisema Kitwana. "Una kipaji, shida yako kiburi."

Na jua likatikisika. Likashuka hatua moja, kivuli cha kwanza kikatoka chini ya mlango kama ulimi, na pamoja nacho ikatufikia kiu ya mchana wote uliopita, wiki au miaka saba, kwa mkupuo. Midomo ikapasuka. Koo zikakwama. Nikawaona wanasahau. Nikaona jinsi kusahau kunavyofanya kazi: si giza, ni tamaa ya kitu kilicho karibu. Aliyetangulia kunyoosha mkono kwenye kata ni Shomvi, kwa sababu pumu ilikuwa imemkaba. Mkono ulikuwa wa mzee, wenye madoa, na mishipa kama ya mama.

Nilikuwa na dharau ya kutosha kuwaacha wote. Naapa nilikuwa nayo. Ilinijaa mpaka kwenye meno.

Niliupiga mtungi teke. Ukapasuka vipande vitatu na maji yakaingia kwenye mchanga wa sakafu, mchanga ukayameza, ukabaki umelowa kwa umbo la kitu kilicholala.

Shomvi alibaki na kata mkononi. Akanitazama, akaelewa, akaiweka kata chini. Labda atakuwa mtu siku moja. Wengine walikuwa wakipiga kelele.

"Amewaokoa," alisema Kitwana, akininyooshea kidole. "Mmeona? Amewaokoa mbwa mwitu."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka katika baraza lile, na sikulibishia. Walinifukuza hapo hapo. Hawakuweza hata kunihukumu rasmi, maana hawakuwa tena na mghani wa kuitangaza hukumu.

Nilishuka bondeni jua likishuka nami. Nyuma, juu ya kilima, mtu akaanza kuita, na mwingine akajibu, na mwingine. Niliwasikia wakianza hesabu mpya. Koo langu lilitaka kujibu. Niliubana mdomo kwa kiganja mpaka mlio ukapita.

Bwawa lilikuwa limebaki tope na maji ya kujaza ndoo mbili. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe, mguu mbovu ameunyoosha. Yule jike alikuwa bado amelala ng'ambo, mbavu zikipanda na kushuka.

"Kumekucha au kumekuchwa?" aliuliza mama.

"Kunakuchwa."

"Afadhali." Akanipa kata. "Hesabu wamesema ni wangapi safari hii?"

"Kila mmoja amehesabu arobaini, akajiacha yeye."

Mama akamtazama yule jike ng'ambo. "Basi kunywa," alisema, "kisha umpelekee na yule. Hawezi kusimama."